Kiguu na Njia, Mama Aliyepima Pumzi za Kamba

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu na nyote mliofika kumsindikiza, historia hii imeandikwa na mume wake pamoja na watoto wake wawili, ambao walibishana sana juu ya nini kiwekwe na nini kiachwe, na inasomwa kwa niaba yao na wifi yake, hivyo mtuvumilie, kwa sababu maisha ya mtu asiyejua kukaa chini hayasomeki haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba aliyekuwa tarishi wa posta, mpeleka telegramu kwa baiskeli, na mama aliyekuwa mpishi wa hospitali, na alizaliwa katika hospitali hiyohiyo, maana uchungu ulimshika mama yake akiwa amesimama mbele ya sufuria ya uji wa wagonjwa. Alianza kutembea mapema kuliko kaka zake wote, na tangu siku hiyo hapakuwa na amani ndani ya nyumba, mara yuko jikoni, mara yuko kwa jirani, mara yuko juu ya ukuta wa shule asiyosoma bado, mpaka bibi yake mzaa mama, aliyechoka kumfukuza mtaa mzima na kanga mkononi, akampachika jina la Kiguu na Njia, jina lililomganda kiasi kwamba wengi mliopo hapa hamjui jingine.

Elimu ya msingi aliianza mwaka 1970 na ya sekondari mwaka 1977, katika shule ya wasichana ya bweni, ambako mwalimu wake wa biolojia, mama mkali lakini mwenye utu, aligundua kwamba binti huyu akikalishwa kwenye dawati hasikii kitu, akamruhusu kusimama nyuma ya darasa, kando ya rafu ya chupa, na ni hapo nyuma alipokutana na jambo lililomshika maisha yake yote. Mwalimu alileta kaa wawili wa pwani, wakubwa sawasawa, akawatia katika chupa moja yenye maji ya bahari, na mtu mmoja, ambaye hakuwahi kujulikana, akakaza kifuniko. Asubuhi kaa mmoja alikuwa amekufa na mwingine anatembea.

"Amekosa hewa," mwalimu akasema, akimtoa aliyekufa kwa koleo.

"Na huyu mwingine, mwalimu, yeye hewa kaitoa wapi?"

Darasa zima lilicheka, lakini mwalimu hakucheka, alimtazama yule kaa mzima kwa muda, kisha akasema kwa upole kwamba hajui, na kwamba akikua akapata jibu aje amwambie. Marehemu alisimulia tukio hilo mara nyingi, na kila mara alisema kilichomkosesha usingizi si kifo cha yule kaa wa kwanza, ila uhai wa yule wa pili.

Mwaka 1984 alijiunga na chuo kikuu kusomea elimu ya viumbe vya majini, akahitimu mwaka 1988, na mwaka huohuo akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa bahari, chumba cha chini, chenye matangi kumi na mawili ya kioo, pampu za hewa zinazonguruma mchana kutwa, sakafu isiyokauka na jokofu moja kubwa la kugandisha sampuli, ambalo lilikuwa bovu kuliko zima. Ubovu huo hatuwezi kuulaumu, kwa kuwa ndio uliowaletea ndugu zake shemeji na sisi wifi. Fundi wa majokofu aliitwa kulitengeneza, na marehemu, mwenye roho juu kwa ajili ya sampuli zake, alimsimamia tangu asubuhi, akizunguka mbele, akizunguka nyuma, akichungulia kila parafujo, hadi yule fundi, mtu wa maneno machache, akainua kichwa na kusema, "Dada, kaa basi, unanizibia mwanga." Akakaa. Fundi huyo hupenda kusema kwamba katika miaka zaidi ya thelathini hiyo ndiyo amri yake pekee iliyotiiwa. Walifunga ndoa tarehe 6 Julai 1991, wakajaliwa binti mwaka 1993 na mtoto wa kiume mwaka 1996.

Kati ya mwaka 1999 na 2004 alikwenda kusoma shahada zake za juu katika nchi nyingine, akirudi likizo tu, na watoto wakilelewa na baba yao na sisi mawifi, na huko ndiko alikojifunza kusoma maagizo ya jeni, yaani ujumbe ambao mwili wa kiumbe hujiandikia wenyewe ndani ya seli zake. Aliporudi, baba yake, aliyekuwa amestaafu na macho yamefifia, alimwomba amweleze kwa lugha ya watu nini hasa alichokwenda kufanya miaka yote hiyo, naye akamweleza kwa kutembea huku na huku sebuleni, kama kawaida yake.

Alisema kwamba ndani ya kila seli ya kamba kuna protini moja inayotengenezwa wakati wote, na hewa ya oksijeni ikiwapo ya kutosha protini hiyo huchanwachanwa kabla haijafika popote, lakini maji yakipungukiwa na oksijeni hakuna wa kuichana tena, basi hupenya hadi kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni zilizolala, zikatoa maagizo kwamba matumizi yapunguzwe, sukari iunguzwe bila hewa, kukua kusimame kwanza. Alisema damu ya kamba si nyekundu kama yetu, hubeba hewa kwa madini ya shaba na ikiipata hewa hugeuka rangi ya buluu, na kwamba ile tindikali inayojaa katika misuli ya kamba aliyekabwa, ambayo ungedhani ni sumu tupu, kwa kamba wengi huifanya damu hiyo iikamate hewa kwa nguvu zaidi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo huyo protini wako ni tarishi," akasema, "na siku njema haruhusiwi kufika mlangoni."

"Hasa, baba."

"Kama mimi na telegramu. Mtu akiniona nakuja na baiskeli alianza kulia kabla sijashuka."

Tangu siku hiyo marehemu aliiita protini ile Tarishi, hata mbele ya wageni wa heshima.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia ilibishana kama lisomwe, na mume wake akasema lisomwe lote. Mwezi Novemba 2009, kampuni moja ya kufuga kamba ilipoteza mabwawa matatu kwa mkupuo, kamba wakielea pembeni weupe kama karatasi zilizoloa, na meneja wake akaomba kituo kimtume mtaalamu athibitishe sumu, kwa sababu mkosaji alikuwa ameshapatikana, mlinzi wa zamu, ambaye alikuwa amegombana na msimamizi juu ya likizo, na katika kibanda chake kumeonekana chupa tupu ya dawa ya wadudu. Marehemu alifika akiwa na sanduku lake la barafu kavu, akakuta mlinzi ameshachukuliwa na polisi, akaomba wavu, akaingia majini na viatu vyake, akawatafuta si waliokufa, ila wale wachache waliokuwa bado wanajivutavuta kwenye matope, akawakata mashavu yao, yaani viungo vya kupumulia, akayagandisha papo hapo, kwani ujumbe wa jeni huharibika upesi kiumbe akishakufa. Meneja alimshangaa. "Mama, wafu wamejaa tele, unahangaika na wazima wa nini?" Alimjibu kwamba wafu wamenyamaza wote kwa namna moja. Kesho yake mabwawa yalikaushwa, na zikabaki zile sampuli tu.

Mkurugenzi wa kituo wa wakati huo alimwita ofisini, akamwambia kwa sauti ya kirafiki kwamba wameitwa kuthibitisha, hawakuitwa kuchunguza, na kwamba kampuni ile ndiyo inayofadhili nusu ya matangi. Marehemu hakuketi kwenye kiti alichoonyeshwa. Aliomba muda. Wiki hiyohiyo mke wa mlinzi alikuja kituoni, akasimama mlangoni pa chumba cha matangi, viatu mkononi kwa kuwa sakafu imelowa.

"Ni wewe unayewajua kamba?"

"Nawajua kidogo."

"Basi niambie, mume wangu amewaua?"

"Sijui bado, mdogo wangu. Siwezi kukudanganya."

"Utajua lini?"

Mume wake anasema kwamba kuanzia jioni hiyo ndani ya nyumba hapakulika wala hapakulalika, anaanza kula anaacha, anaanza sentensi anaiacha, anakwenda dirishani kama mtu anayesubiri gari. Jumapili moja mchana umeme wa kituo ulikatika na jenereta ikagoma, jokofu likaanza kupanda joto, na fundi wetu akaacha chakula mezani, akapanda pikipiki na mtungi wa gesi mgongoni, akafanya kazi hadi shati likalowa, na hata hivyo nusu ya sampuli ziliharibika. Marehemu alikaa sakafuni, mara ya pili kukaa mbele ya fundi huyo, akalia.

Nusu iliyobaki ilitosha, lakini peke yake haikuwa na maana, alihitaji kamba wengine wa kulinganisha, wengine waliotiwa ile dawa ya wadudu, wengine walionyimwa hewa ghafla, wengine walionyimwa hewa kidogo kidogo kila usiku kwa siku nyingi, na mkurugenzi alikuwa amefunga chumba cha matangi. Alifanya nyumbani. Mabeseni ya kufulia, ndoo, hata lile beseni kubwa la bati la kuogea, yote yalijaa kamba na mipira ya hewa, ua mzima ukinguruma, binti yake akauliza, "Mama, na sisi tutaogea wapi?" naye akamjibu bila kugeuka, "Kwa shangazi yako," na kweli walioga kwetu zaidi ya mwezi. Kisha akabeba sampuli zote hadi chuo cha mji mwingine, ambako rafiki yake wa masomoni alimruhusu kutumia mashine ya kupimia.

Majibu yalikuja wazi. Kamba waliotiwa dawa walikufa bila Tarishi kuamka sana. Walionyimwa hewa ghafla walionyesha maagizo ya hofu, sukari, sukari, sukari. Lakini wale wa mabwawani walionyesha yale ya muda mrefu, maagizo ya mwili uliokwisha kubana matumizi, uliosimamisha kujivua gamba, uliojaribu kujenga upya protini ya damu yake, sawasawa na wale wa kwenye beseni la bati walionyimwa hewa usiku baada ya usiku. Kamba wale walikuwa wanakabwa kwa siku nyingi kabla ya kufa, na kilichogunduliwa baadaye ni kwamba mashine za kuchapa maji ili yaingie hewa zilikuwa zikizimwa na uongozi kila usiku ili kupunguza gharama za umeme, wakati ambao maji hukosa hewa zaidi.

Alitoa ushahidi mwezi Oktoba 2010, siku ambayo binti yake alikuwa anahitimu kidato cha nne, na hakuomba tarehe ibadilishwe, kwa kuwa mlinzi alikuwa rumande karibu mwaka mzima. Wakili wa kampuni, kijana mchangamfu, alimsikiliza akieleza habari za Tarishi na maagizo, kisha akawageukia wasikilizaji.

"Mama, tuambie ukweli, hapa si unatupiga kamba?"

Mahakama ikaangua kicheko, hata karani akaziba mdomo. Marehemu alisubiri kiishe.

"Wakili, kamba yako haina miguu," akasema. "Wangu wana kumi, na kila mmoja nimempima mara tatu. Niulize namba yoyote."

Wakili aliuliza, akauliza tena, na kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kuzama, mpaka hakimu akamwambia inatosha. Mlinzi aliachiwa mwezi uliofuata.

Watu wengi husimulia habari hii na kuishia hapo, lakini marehemu mwenyewe hakuishia hapo kamwe. Alikwenda kumpokea mlinzi mlangoni pa gereza, pamoja na mke wake, akiwa amejiandaa kwa maneno mazuri. Mlinzi alitoka amekonda, akampa mkono kwa adabu, akasema, "Asante, mama. Ila umechelewa." Mama yake mzazi alikuwa amefariki mwezi Juni, akazikwa bila mwanawe. Marehemu alirudi nyumbani, akapita moja kwa moja uani, akayainamisha mabeseni yote kukausha, akayapanga, akayapangua, akayapanga tena, na mume wake alipomwuliza imekuwaje alisema maneno mawili tu, "Kweli nimechelewa."

Mkataba wake na kituo haukuongezwa. Kuanzia Januari 2011 alifundisha biolojia katika shule ya sekondari, na kwa binti yake pia alikuwa na deni la kumwelewesha, maana binti alikuwa amemwambia, "Kamba wanakuona kuliko sisi," akahamia kwetu kwa muda, na mama hakujitetea, alikuja kila Jumamosi, akisimama mlangoni, akileta hiki na kile, akiondoka kabla chai haijapoa, hadi siku moja binti akamvutia kiti na kusema, "Mama, chai ni ya kunywa," akainywa yote. Binti ndiye aliyetaka hili liandikwe.

Lile neno la mlinzi lilimsumbua usiku na mchana. Kama jibu lilichukua karibu mwaka, alisema, basi kosa lilikuwa la kipimo, na kipimo kinaweza kurekebishwa. Mwaka 2014 mkurugenzi mpya alimrudisha kituoni, na kwa miaka sita alihangaika na kitu kidogo mno, kijikaratasi cha kupimia, ambacho mfugaji akisaga kipande cha shavu la kamba na kukitia ndani yake, mstari hutokea kama Tarishi ameamka, siku hiyohiyo, kando ya bwawa, kamba wakiwa bado hai na dawa yao ikiwa ni kuwasha mashine tu. Alishindwa mara nyingi. Mstari ulitokea pasipotakiwa, ukakataa kutokea panapotakiwa, alikuwa akirudi nyumbani na kusema, "Leo amenidanganya tena," na wajukuu wakadhani anamsema mtu. Mwaka 2020 kilikubali. Kisanduku cha kwanza cha vijikaratasi hivyo alikipeleka kwa mlinzi yule, ambaye hakurudia ulinzi, alikuwa fundi baiskeli, hakuwa na kamba wala bwawa. Alikigeuzageuza mkononi, akauliza, "Kinachukua muda gani?" Akaambiwa saa moja. Akatikisa kichwa, akamwekea benchi, wakazungumza mengine.

Mwezi Agosti 2022 alianza kulalamika maumivu ya mgongo na kukonda, akadhani ni kuinama kwenye matangi, na vipimo vilionyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Daktari kijana aliyemhudumia alimweleza kwa uangalifu, na katika kueleza akataja kwamba uvimbe wa namna ile hukosa hewa katikati, ila seli zake huwa na protini fulani inayoziwezesha kuishi humohumo. Marehemu alimkatiza, akaitaja kwa jina lake kamili. Daktari akashtuka. "Unaijua, mama?" Akasema, "Tumekula wote miaka ishirini," akacheka hadi akashika ubavu, kisha akaomba ashuke kitandani. Alitembea ukumbini na dripu yake ya magurudumu, na yule daktari kando yake, akimfundisha yale anayoyajua, akimwuliza yale asiyoyajua, na wauguzi walikwisha kukata tamaa ya kumrudisha. Hakuwa jasiri kila siku, na hatutasema alikuwa. Zipo siku alitukaripia, zipo siku alimshika mume wake mkono na kumwambia anaogopa, naye alimjibu, "Hata mimi," wakakaa hivyo.

Alifariki dunia tarehe 9 Februari 2023, saa tisa alasiri, mume wake akiwa dirishani na binti yake akimsuka nywele. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, na kipekee yule daktari kijana, inawashukuru majirani waliopika, waliobeba viti na waliovumilia ngurumo ya pampu mwaka ule, inamshukuru mke wa mlinzi aliyekuja kulala nasi tangu msiba ulipoanza. Inawashukuru wafanyakazi wenzake waliofika, na inawashukuru wawili ambao hawakufika. Marehemu alikuwa na jaribio moja alilolianza akiwa tayari mgonjwa, la kujua kama kamba mama aliyewahi kukosa hewa huwarithisha watoto wake namna ya kuistahimili, na mayai yalianguliwa juzi. Wadogo wale hulishwa kila baada ya saa chache, hawawezi kungoja mazishi. Wenzake wawili wapo kituoni muda huu, wamesimama juu ya matangi, na jibu halijulikani bado.

Mke wetu, mama yetu, dada yetu, bibi yetu, kamba wako wapo wanaowaangalia. Pumzika kwa amani.